Dada, ukifika Kolombia usitoe papai!

Wiki iliyopita niliwaahidi mambo ya vipodozi, naomba yasubiri kidogo. Nimepata mgeni kutoka mbali, na stori aliyokuja nayo imeninyima usingizi.

Mgeni mwenyewe ni shoga yangu, tulianza naye kidato cha kwanza tukamaliza naye cha nne. Baada ya shule yeye alijipinda na lugha, akaanza na Kiingereza akamalizia na Kihispania, mimi nikaishia kwenye kalamu hii mnayoisoma. Basi akadunduliza vijisenti vyake, akakata tiketi ya kwenda Kolombia, wiki sita, peke yake. Narudia, peke yake! Nyumbani kwao ikawa kama msiba. Mama alilia, mjomba akaitisha kikao, na mimi, sitaki kuwaficha, nilikuwa upande wa mjomba. Si Kolombia ile ya Pablo Escobar? Tena mtoto wa kike?

"Escobar aliuawa Desemba 1993," shoga akanijibu, "na mji wake wa Medellín una treni ya umeme tangu 1995." Nikanyamaza. Akaenda.

Kitu cha kwanza alichofundishwa na mama mwenye nyumba aliyofikia kule Bogotá ni habari ya papai. Wenyeji wana msemo wao, "no dar papaya", yaani usitoe papai. Msicheke! Maana yake ukishaliweka papai lako mezani, likaliwa, usimtafute mchawi. Kutembea barabarani na simu mkononi ni papai. Cheni ya dhahabu ni papai. Mkoba unaoning'inia upande wa barabara ni papai tena lililoiva, kwani vibaka wa kule nao wanatumia pikipiki, mmoja anaendesha na wa nyuma anakwapua, mpaka baadhi ya miji imewahi kupiga marufuku pikipiki kubeba mwanaume nyuma. Kwa mtoto wa Dar hayo si mageni, nani hajui kufunga noti kwenye pindo la khanga? Shoga akafanya vilevile: pesa ya siku mfukoni, kadi moja ya benki chumbani na nyingine mwilini, pasipoti imefungiwa, inayotembea ni nakala yake. Na akaambiwa, ukikabwa toa. Wale wana visu na wengine bastola. Simu utanunua nyingine.

Lakini lililomkuta yeye halikuwa la simu, lilikuwa la teksi.

Kuna kitu wanakiita "paseo millonario", yaani matembezi ya tajiri. Unasimamisha teksi barabarani, inakwenda kidogo, inasimama, wanaingia wanaume wawili, mmoja kulia mmoja kushoto, na wewe katikati. Unazungushwa kwenye mashine za kutolea pesa mpaka kadi iishe. Na kwa kuwa kadi ina kiwango chake cha siku, wengine hushikiliwa hadi saa sita usiku ipite, tarehe ibadilike, watoe tena. Jamani! Ndiyo maana kila mtu Bogotá atakuambia usisimamishe teksi njiani, hasa usiku. Unaiita kwa simu, unapewa namba ya gari, na wewe unamtajia dereva namba ya siri, mara nyingi tarakimu mbili za mwisho za simu yako. Namba zisipolingana hupandi, hata kama mvua inakulowesha.

Yapo pia magari ya watu binafsi yanayoitwa kwa programu za simu. Hayo mambo yake kisheria hayajakaa sawa, kwa hiyo madereva wengi humwomba abiria akae mbele, ionekane ni ndugu yake. Hilo lilimkera sana shoga yangu. Usiku, mwanamke peke yake, ukae ubavuni kwa mwanaume usiyemjua ili kumficha yeye polisi wasimwone? Alikuwa anakataa na kungoja jingine.

Sasa siku hiyo simu imekufa chaji. Yuko La Candelaria, mji mkongwe wa Bogotá, mahali pa makumbusho na mikahawa. Mchana kumejaa wanafunzi na watalii, usiku vichochoro vinabaki vitupu. Alijibanza kwenye mkahawa akingoja mvua ikatike, mara akashtukia ni saa tatu kasoro robo. Mji ule uko zaidi ya mita 2,600 juu ya bahari, baridi yake si ya mchezo. Ikapita teksi ya njano, akapunga mkono.

Dereva mpole kabisa. Malkia wangu, unatoka wapi, uko peke yako? Akadanganya kwamba mume wake anamsubiri hotelini (uongo huu dada zangu nawahalalishia mimi mwenyewe). Dakika chache gari likaacha barabara kubwa. Kuuliza, akaambiwa kule kuna foleni. Akageuka nyuma, akaona teksi nyingine imekata nao kona ya kwanza, ikakata na ya pili. Dereva akaanza kupunguza mwendo. Pembeni palikuwa na duka la dawa lina taa. Hakungoja lisimame sawasawa, alifungua mlango, akatupa noti kwenye kiti, akaingia dukani akitetemeka kama kifaranga.

Mwenye duka, mama mtu mzima, hakuuliza maswali. Alimpa kiti, akamletea kikombe cha kahawa nyeusi, akachomeka simu yake kwenye umeme. Baadaye aliita teksi yeye mwenyewe na kutoka nje kwenye manyunyu kusoma namba ya gari.

Nilimwambia shoga, inawezekana dereva wa watu hana hatia. Akanitazama weee! "Ulitaka nikae nihakikishe?"

Huku nyumbani sasa. Kolombia iko nyuma yetu kwa saa nane. Mpango wake na mama yake ulikuwa kwamba ikifika saa mbili usiku ya Bogotá awe ameshaingia ndani na kutuma ujumbe. Hapa Dar hiyo ni saa kumi alfajiri, mama anaamka, anausoma, ndipo anasubiri swala. Siku ile saa kumi ikapita. Saa kumi na moja ikapita. Saa kumi na moja na nusu akanipigia mimi. Hakulia. Aliniuliza tu kama ninayo namba ya ubalozi. Sikuwa nayo. Ubalozi wetu uko Brasilia, nchi nyingine kabisa, na katika kikao chote kile cha mjomba, na maneno yetu yote ya Escobar, hakuna aliyekumbuka kuiandika namba. Ujumbe uliingia kama dakika ishirini baadaye.

Habari ya vinywaji nayo msiipuuze. Kule kuna mti una maua yanayoning'inia kama tarumbeta, dawa yake inaitwa escopolamina, mitaani burundanga. Si rahisi kuigundua kwenye kinywaji. Ukiwekewa unatii kila unaloambiwa na kesho yake hukumbuki kitu. Ni ndugu wa ule "mchele" wa Nairobi. Tena hauchagui wanawake. Januari 2024 ubalozi wa Marekani ulitoa onyo baada ya raia wake 8 kufa katika mazingira ya kutatanisha huko Medellín ndani ya miezi miwili tu, na baadhi ya visa vilihusishwa na watu waliokutana nao kwenye programu za kutafutia wapenzi. Kwa hiyo kinywaji chako ukifungue mwenyewe, na ukienda msalani, ukirudi agiza kingine. Usione haya.

Na tusidanganyane kwamba mbaya ni yule usiyemjua tu. Mwaka 2012 mama mmoja wa Bogotá, Rosa Elvira Cely, alibakwa na kuuawa kikatili bustanini na mwanaume aliyekuwa akisoma naye shule ya usiku. Kifo chake kilizaa sheria ya 2015 ya kuadhibu mauaji ya wanawake. Cha ajabu, 2016 wanasheria wa ofisi moja ya serikali ya mji waliandika kwamba kosa ni lake, kwa nini alitoka na wanaume usiku! Watu waliwaka mpaka maandishi yakaondolewa. Mwaka huohuo wasichana wawili wa Ajentina waliuawa huko Ekwado, na watu wakauliza kwa nini walisafiri "peke yao". Wawili, lakini eti peke yao! Nilipoambiwa haya nikakumbuka maneno yangu kwenye kile kikao, nikaona haya.

Namba za kuweka kichwani ni 123 kwa dharura yoyote, na 155 ni ya wanawake waliofanyiwa ukatili.

Msije mkadhani alirudi analia tu. Jumapili Bogotá wanafunga barabara kubwa tangu asubuhi mpaka saa nane mchana, magari hayapiti, ni baiskeli na miguu, watoto na bibi zao. Huko alizunguka peke yake hakuna aliyemsumbua. Na kule Cartagena, pwani, aliwakuta akina mama weusi wamejitwika mabeseni ya matunda. Asili yao ni San Basilio de Palenque, kijiji cha watumwa waliotoroka, na lugha yao mpaka leo ina maneno ya Kibantu kutoka Kongo. Mmoja alimshika mkono akamwita dada, akamkatia kipande cha papai. Hilo alilipokea.

Sasa anataka kwenda Peru. Safari hii namba ya Brasilia nimeibandika mimi mwenyewe ukutani kwa mama yake. Mama naye simu yake bado inalia kila saa kumi alfajiri, ingawa mtoto amelala chumba cha pili. Anasema hajisikii kuizima.

Vipodozi wiki ijayo, panapo majaaliwa.