MAONI – Nyumba na sanaa za macho pekee: mkono na pua vimesahauliwa

Mtu akiingia siku hizi ndani ya salo mpya mtaani Himbi, Goma, au Nguba, Bukavu, anajua mapema atakuta nini. Karo nyeupe chini, kanape za ngozi ya bandia ambazo bado zimevikwa plastiki ya dukani, maua ya plastiki juu ya meza ya kioo, televisheni kubwa ukutani, na chupa ya kupulizia marashi kwenye kona. Picha ikipigwa kwa simu, salo inapendeza. Lakini mgeni akiketi saa moja, plastiki inamnata mgongoni, baridi ya karo inampanda miguuni, na yale marashi ya chupa yanamletea maumivu ya kichwa. Nyumba ilitengenezwa kwa ajili ya picha. Mtu atakayeishi ndani yake hakuulizwa.

Jambo hili linaonekana dogo, lakini kuna watu wanaolipa bei yake. Wa kwanza ni mama anayesuka mikeka na vitunga, ambaye kila mwaka anaona wanunuzi wakipungua kwa sababu plastiki ndiyo inaonekana ya kisasa. Wa pili ni mtu asiyeona, ambaye maonyesho ya sanaa yanayotengenezwa kwa macho tu hayana chochote cha kumpa.

Kiswahili chenyewe kingeweza kuwa mwalimu hapa. Mkaaji wa Kivu anasema anasikia harufu, anasikia baridi, anasikia utamu wa chakula, anasikia maumivu. Sikio, pua, ngozi na ulimi vinatumia neno moja. Jicho peke yake ndilo lenye neno lake, kuona. Wazee walioacha lugha namna hiyo walikuwa wanaishi ndani ya nyumba ambazo mtu alizisikia kabla ya kuziangalia: majani ya paa yakiloa mvua, udongo wa ukuta, mkeka mpya wa matete, mtungi wa maji wenye ubaridi wake.

Sanaa ya Congo pia haikuanza na macho peke yake. Mfano ulio wazi ni kitambaa cha Wakuba wa Kasai, kile ambacho Wabelgiji walikiita veluru ya Kasai. Wanaume wanafuma rafia. Wanawake wanasugua nyuzi kwa mikono mpaka zilainike, wanazipitisha kwa sindano katikati ya kitambaa bila kufunga fundo, halafu wanakata ncha kwa kisu kidogo mpaka zisimame kama manyoya mafupi. Rangi nyekundu inatoka kwenye unga wa mti unaoitwa tukula, na kipande kimoja kinaweza kuchukua miezi. Vitambaa hivyo vilitumiwa kwa heshima kubwa, hata kwa kumvika marehemu kabla ya kuzikwa. Mchoraji Mfaransa Henri Matisse alivipenda na kuvitundika ukutani mwake. Leo sehemu kubwa ya vitambaa vya zamani iko nyuma ya vioo vya majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani. Mgeni anaona mistari na pembe za mchoro, lakini hawezi kujua jambo ambalo mwanamke aliyekitengeneza alilijua kwanza, yaani namna kinavyopita chini ya kidole.

Mfano mwingine ni wa juzi tu, na unatoka Lusanga, jimboni Kwilu. Mahali hapo paliitwa Leverville wakati wa ukoloni, kwa jina la Mwingereza William Lever, mwenye viwanda vya sabuni aliyekuja kutafuta mafuta ya mawese. Tangu mwaka 2014, wafanyakazi wa mashamba walijikusanya katika kikundi cha wasanii kinachojulikana kwa kifupi kama CATPC. Wanafinyanga sanamu kwa udongo wa mto na wa msitu. Sanamu hizo zinapimwa kwa mashine, halafu zinatengenezwa upya huko Ulaya kwa kakao na mafuta ya mawese. Mwaka 2017 zilionyeshwa New York, na mwaka 2024 zilijaza jumba la Uholanzi katika maonyesho makubwa ya Venice.

Mtu akisimama mbele ya sanamu hizo, pua yake inamwambia jambo kabla ya macho kumaliza kazi. Ni harufu ya shokola, kitu ambacho wengi waliovuna kakao hawakukionja. Hakuna maandishi ukutani yanayoweza kueleza historia ya mashamba haraka namna hiyo. Na fedha za mauzo zinarudi Lusanga, ambako kikundi kinanunua tena ardhi na kupanda miti na chakula. Sanaa ya harufu haikuwa mchezo wa matajiri kwa watu wale. Iliwarudishia mashamba.

Kivu ya Kaskazini nayo inajua kakao. Magunia yanatoka Beni kila msimu kwenda kuuzwa mbali. Kahawa inatoka Kalehe, Minova na kisiwa cha Idjwi. Mikaliptusi imezunguka Butembo. Idjwi ina wafinyanzi wake, na Goma ina mawe meusi ya volkano ambayo mafundi wanayapanga kuwa kuta. Lakini mtu akitembelea ofisi au hoteli mpya katika miji hii, mara nyingi hakuti hata kimoja cha vitu hivyo kikiguswa au kusikika. Jiwe la volkano linafunikwa kwa rangi inayong'aa. Mbao zinabandikwa karatasi yenye picha ya mbao.

Wataalamu wa mbali wanalipwa vizuri kufanya kinyume cha hayo. Mbrazili Ernesto Neto anashona vifuko virefu vya kitambaa kinachovutika, anavijaza bizari, pilipili manga na karafuu, na kuvitundika darini mpaka vining'inie kama matone mazito. Alifanya hivyo Venice mwaka 2001, na watu walifuata pua kufika kwenye kazi yake. Huko Ujerumani, karibu na mji wa Mechernich, Mswisi Peter Zumthor alimaliza mwaka 2007 kanisa dogo katikati ya shamba. Magogo 112 yalisimamishwa kama hema, beto ikamwagwa kuyazunguka tabaka kwa tabaka, halafu moto wa polepole ukawashwa ndani kwa majuma matatu mpaka magogo yakaachana na beto. Kuta zikabaki nyeusi, zenye mifereji ya magogo, na moshi ukaacha harufu yake humo. Watu wanasafiri kutoka mbali kuingia humo. Mkaaji wa Walungu au Lubero angeitambua harufu ile mara moja, kwa sababu aliiacha kwenye jiko la kijijini.

Harufu ina nguvu hiyo kwa sababu ya njia yake. Wanaochunguza ubongo wanaeleza kwamba habari ya pua inafika kwenye sehemu za kumbukumbu na hisia bila kupitia kwanza kituo ambacho habari za macho na masikio zinapitia. Mtu aliyekimbia kijiji chake anaweza kusahau rangi ya mlango wa nyumba. Lakini siku anaposikia kahawa ikikaangwa kwa jirani, uwanja mzima unarudi: kuku, mvua, sauti ya mama. Katika eneo ambako familia nyingi zimehama mara mbili au tatu kwa sababu ya vita, harufu na mguso wa vitu vya nyumbani ni kati ya mali chache ambazo hazikuporwa.

Kisha kuna mtu asiyeona. Katika mji wa Ancona, Italia, mume na mke ambao wote hawaoni, Aldo Grassini na Daniela Bottegoni, walichoka kusikia neno "usiguse" kila walipotembelea makumbusho. Mwaka 1993 mji ukafungua Makumbusho ya Omero kutokana na wazo lao. Humo kuna nakala za sanamu maarufu na mifano ya majengo, na kila mgeni anaruhusiwa kugusa, awe anaona au haoni. Wazo hilo halikuhitaji mashine za ajabu. Lilihitaji mtu akubali kwamba mkono nao unasoma.

Katika miji ya mashariki ya Congo kuna wachoraji, wachongaji na mafundi wa kila aina, na maonyesho yanafanyika hata katika siku ngumu. Ni wangapi kati ya wanaoyaandaa wanaweka hata kazi moja ya kuguswa? Mtoto wa shule asiyeona akiletwa na wenzake, anasimama katikati ya ukumbi akingoja wamalize kuangalia. Hiyo ni aibu inayoweza kuondolewa kwa kitambaa cha rafia, kinyago cha mti na chungu kimoja juu ya meza.

Wapo watakaosema kwamba watu wana njaa, barabara zimekatika, na hakuna mwenye muda wa kufikiri juu ya harufu ya salo. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama mkeka wa matete ungekuwa na bei kuliko kanape ya ngozi ya bandia. Familia zinazojinyima ili kununua plastiki tayari zinatumia fedha kwa uzuri. Swali ni fedha hizo zinaenda mfukoni mwa nani.

Wengine wana hoja nzito zaidi, na wanastahili kusikilizwa. Rafia na matete vinashika ukungu katika unyevu wa Bukavu. Kitu kinachoguswa na watu elfu kinachakaa. Nyumba za mbao, kama zile za Kadutu na za mitaa mingi ya Goma, zinashika moto haraka, kwa hiyo mishumaa yenye marashi na ubani wa kuwashwa ni hatari humo. Moshi wa makala ndani ya chumba kilichofungwa unaweza kuua familia iliyolala. Na kuna watu wenye pumu ambao harufu kali yoyote inawakaba.

Hoja hizo hazikatai harufu wala mguso. Zinafundisha namna ya kuvitumia. Mkeka unaanikwa juani kila juma. Kitu cha kale cha thamani kinabaki salama, na nakala yake ndiyo inayoguswa. Harufu inatafutwa pale pasipo moto: bakuli la punje za kahawa, mchaichai mlangoni, mbao isiyofunikwa kwa rangi nzito. Mgonjwa wa pumu anaachiwa dirisha wazi, na chupa ya kupulizia ndiyo inayoondolewa kwanza.

Wenye hoteli na ofisi wanaweza kuanza kesho. Ukuta mmoja wa mawe ya volkano uachwe bila rangi. Viti vya kupokelea wageni vifumwe na mafundi wa hapa. Shule za sanaa ziwape wanafunzi zoezi la kutengeneza kitu ambacho kitahukumiwa macho yakiwa yamefungwa. Anayeandaa maonyesho amwalike mtu asiyeona kabla ya siku ya kufungua, amwulize amepata nini ndani ya ukumbi. Akijibu kwamba hakupata kitu, maonyesho hayajawa tayari.

Na mwenye nyumba anayejiandaa kununua maua mengine ya plastiki anaweza kufanya jaribio la bure. Azime simu, afumbe macho, na akae dakika tano ndani ya salo yake. Yote atakayosikia wakati huo, kwa pua, kwa ngozi na kwa masikio, ndiyo nyumba ambayo watoto wake watakumbuka.