Sema kwa Kiswahili: "Mlaze chali!"

Hebu fanya jaribio dogo kabla hujaendelea kusoma. Chukulia Bibi ameanguka sebuleni. Unamwita haitiki, unamtikisa hashtuki, na kifua hakipandi wala hakishuki. Nyumbani mko watatu tu: wewe, shangazi yako, na dada wa kazi aliyekuja kutoka Tanga mwaka jana. Waambie wafanye nini. Kwa Kiswahili. Haraka.

Tulipoulizana swali hili studio, kabla ya kurekodi kipindi cha wiki hii, kilipita kimya. Halafu mmoja wetu akasema, "Nitawaambia wafanye… ile, ile ya kifua." Tukacheka, lakini kicheko hakikudumu. Manake sisi ni watu tuliosoma huduma ya kwanza, wengine shuleni, wengine chuo, wengine kazini. Vyeti tunavyo. Ila tulisoma kwa Kiingereza, au kwa Kiarabu. Na huku majumbani kwetu, Al Khoudh, Al Hail, Mawaleh, jambo likitokea watu wanapiga kelele kwa Kiswahili.

Ninalotaka kusema wiki hii ni hilo tu. Ujuzi uliosoma kwa lugha moja, kisha ukashindwa kuwaambia watu wa nyumbani kwako, ni nusu ya ujuzi.

Ukisikia CPR pengine unawaza uwanja wa mpira. Sote tunaikumbuka Juni 12, 2021, Copenhagen, Denmark na Finland: Christian Eriksen anaanguka bila kuguswa na mtu, wenzake wanamzunguka, na madaktari wanamkandamiza kifua pale pale nyasini kisha wanamshtua moyo kwa mashine. Mwaka uliofuata alirudi kucheza. Miezi mitano tu baada ya siku ile, Novemba 2021, hapa kwetu Oman, Mukhaled Al Raqadi wa klabu ya Muscat alianguka akipasha misuli kabla ya mechi na Suwaiq. Alikuwa na miaka 29. Alipelekwa hospitali lakini alifariki, Mungu amrehemu. Moyo ukisimama, hakuna anayeweza kukuahidi kitu. Kilichopo ni nafasi tu, na nafasi hiyo inapungua kila dakika.

Lakini uwanjani kuna madaktari. Takwimu za Marekani zinaonesha kwamba katika kila watu 10 ambao moyo unawasimama nje ya hospitali, kama 7 unawasimamia nyumbani. Yaani mtu wa kumsaidia si daktari wa timu. Ni mke, ni mtoto, ni mjukuu, ni dada wa kazi. Na kwa familia nyingi za huku, asubuhi ya siku ya kazi, wakati wewe uko ofisini Ruwi au darasani, anayebaki na Bibi ni huyo dada wa kazi peke yake. Lugha wanayosikilizana wao wawili ni Kiswahili.

Hesabu yenyewe ni hii. Moyo ukisimama damu haifiki kichwani, na ubongo unaanza kuharibika baada ya kama dakika 4. Kila dakika inayopita bila kukandamizwa kifua na bila mashine ya kushtua moyo, nafasi ya mtu kupona inashuka kwa asilimia 7 hadi 10. Is'af unaipata kwa 9999, lakini hata ikija mbio, lazima ivuke barabara, iingie mtaani, itafute nyumba katika zile njia zetu za namba ambazo hata ndugu wakija kutembea wanapotea. Dakika zile za katikati ni zenu nyinyi mliomo ndani.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nadhani linatuhusu sisi zaidi ya wengine.

Mara nyingi mtu ambaye moyo umesimama ghafla hanyamazi kimya moja kwa moja. Anaweza kuvuta pumzi moja ya nguvu, akakaa, akavuta nyengine, kama anakoroma au kama samaki aliyetolewa majini. Madaktari wanajua kwamba huko si kupumua. Ni ubongo unaokosa hewa. Wazee wetu wakiiona hali hiyo wana jina lake: sakarati. Na sote tunajua kinachofanywa kwenye sakarati. Watu wanamkalia karibu, wanamtamkisha shahada, wanamdondoshea maji mdomoni, mtu anafungua Yasin.

Sisemi hayo kwa kubeza, hasha. Mgonjwa aliyekuwa kitandani miezi, ambaye safari yake imefika, hayo ndiyo ya kumfanyia. Lakini Bibi ambaye dakika mbili nyuma alikuwa anachambua mchele na kuzungumza na Unguja kwenye WhatsApp, akaanguka ghafla, huyo usimuage bado. Pumzi zile za kukatika ndiyo ishara ya kuanza kukandamiza. Maji mdomoni yataingia njia ya hewa. Dua haikatazwi: anayetaka kusoma asome, lakini mikono ya mtu mmoja iwe kifuani.

Na hapa ndipo lugha inapouma. Ukisimama katikati ya wazee waliokwisha anza kusoma, ukawaambia kwa Kiingereza kwamba wanakosea, hakuna atakayekusikiliza. Wewe ni mtoto tu. Lakini ukisema, "Shangazi, huyu hajafa, moyo umesimama, nipisheni nimkandamize kifua," kwa sauti na kwa adabu, watakupisha.

Basi tuyajue maneno yenyewe. Si mengi.

"Unanisikia?" Unampiga bega kwa nguvu kidogo. "Anapumua?" Unatazama kifua kwa sekunde zisizozidi 10. "Mlaze chali." Chini, sakafuni, si kwenye kochi wala godoro, kwa sababu kwenye kitu laini nguvu zako zinaishia kwenye sponji. "Wewe, piga 9999, weka spika." Usiseme "mtu apige", manake kila mtu atadhani ni mwenzake. Mtaje kwa jina. "Fungua geti, simama njiani, uwaoneshe nyumba." Hiyo ni kazi nzuri ya kumpa kijana anayelia.

Halafu kifua. Piga magoti ubavuni mwake. Kiganja kimoja katikati ya kifua, kingine juu yake, mikono imenyooka, na ukandamize kwa uzito wa mwili wako mpaka kifua kizame sentimita 5 hadi 6. Kiache kirudi juu, ukandamize tena. Kasi ni mara 100 hadi 120 kwa dakika. Wenzetu wanaojifunza kwa Kiingereza wanafundishwa kufuata mdundo wa wimbo fulani. Sisi tuna kitu chepesi zaidi: hesabu moja mpaka kumi. Moja, mbili, tatu, nne, tano, mpaka kumi, upesi, karibu namba mbili kwa sekunde. Ukifika kumi usiende kumi na moja, ni ndefu, itakuvuruga. Rudi moja. Kumi tatu ni thelathini.

Aliyefundishwa kupuliza pumzi, baada ya thelathini anapuliza mbili. Kama hukufundishwa, kwa mtu mzima aliyeanguka ghafla endelea kukandamiza tu, usisimame, mpaka is'af wafike au aamke. "Nimechoka, shika wewe." Hilo nalo ni neno la kujua, kwa sababu dakika mbili tu zinatosha kukuchosha na mikono ikaanza kulegea.

Mtoto aliyezama ni jambo jengine. Ijumaa ngapi tunakwenda mazraa za Barka, wakubwa wanachoma mishkaki, watoto wako kwenye bwawa? Aliyezama amekosa hewa kwanza, kwa hiyo kwake pumzi ni lazima, pamoja na kukandamizwa kifua. Usimning'inize kichwa chini wala usimkamue tumbo kutoa maji. Hilo la pumzi linahitaji kufundishwa kwa mikono, na ndiyo sababu darasa la nusu siku lina thamani kuliko video kumi.

Wapo wanaosita kwa woga. "Nikimvunja mbavu je?" Inawezekana mbavu ikavunjika, hasa kwa mzee. Mbavu inaunga. Wapo wanaosita kwa haya: mwanamke kaanguka hadharani, nani amguse kifua? Haya hiyo haiko kwetu tu. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2018 ulikuta kwamba hadharani wanaume waliokandamizwa kifua na wapita njia walikuwa asilimia 45, wanawake 39. Kwa hiyo huko nako wanawake wanakufa kwa haya za watu wengine. Sisi tuna kanuni ya fiqhi ambayo tumeisoma tangu madrasa, kwamba dharura inahalalisha kilichokuwa kimekatazwa, na tuna Suratul Maida aya ya 32 kuhusu kuihuisha nafsi moja. Mtandie mtandio kama upo, kandamiza juu ya nguo. Usimwache afe kwa ajili ya heshima yake.

Na kama unajiuliza mtu wa kawaida anabadilisha nini hasa, rudi Denmark. Mwaka 2005 waliweka sheria ya kufundisha jambo hili shule za msingi, na 2006 wakaongeza kwa anayetaka leseni ya gari. Mwaka 2001, katika kila watu 100 ambao moyo uliwasimama, 21 tu ndio waliosaidiwa na waliokuwa karibu. Kufika 2010 walikuwa 45. Na walioishi siku 30 baadaye walitoka chini ya 4 katika 100 wakawa karibu 11. Yalibadilika mambo mengine pia katika miaka hiyo, ikiwemo huduma za is'af na hospitali, lakini watu walioacha kusimama wakitazama ni sehemu kubwa ya hadithi. Kwa hiyo Eriksen alianguka katika nchi ambayo hata mtoto wa shule angejua pa kuweka mikono.

Sisi hatuna haja ya kungoja sheria. Tuna Ijumaa. Baada ya sala, pilau limeshaliwa, chai imeshatoka, watu wamejaa sebuleni na hakuna mwenye nguvu ya kuondoka. Chukua mto mgumu, uweke sakafuni, waite. Anza na dada wa kazi na shangazi, si na binamu zako wanaojua Kiingereza. Hesabuni pamoja moja mpaka kumi. Wataona mchezo, watacheka, mjomba atasema yeye afya yake nzuri, hataki mtu amvunje mbavu. Sawa. Mwache acheke, lakini naye apige magoti ajaribu. Kisha andika 9999 na namba ya nyumba na ya njia yenu kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, uibandike kwenye friji. Mfundishe dada sentensi moja ya Kiarabu ya kusema simu ikipokelewa, manake anayepokea hamjui Kiswahili.

Watu wengi wa rika letu wanalalamika kwamba Kiswahili chao ni cha jikoni tu: njoo ule, funga mlango, umekua wee. Wanaona haya nacho. Mie naona Kiswahili cha jikoni kinatosha kabisa kwa kazi hii. Mlaze chali. Piga simu. Nipishe. Shika wewe. Hakuna neno hapo usilolijua. Yaseme kwa sauti mara tatu leo usiku, halafu Ijumaa uyaseme mbele ya watu. Na nyumbani kwenu mkiwa na neno bora kuliko haya yangu, nitumie. Tutalisoma kwenye kipindi kijacho.