Mlima Hauulizi Kitambulisho

Kuna neno linalonikera hapa Kanombe, na linatoka midomoni mwetu wenyewe wakimbizi: eti sisi ni wapita njia, miti ya watu inatuhusu nini? Jumamosi ya mwisho wa mwezi ikifika, asubuhi ya umuganda, wengine wanajifungia ndani mpaka saa tano. Ndipo wanatoka wamevaa vizuri, kama vile mtaro uliojaa matope ni wa jirani peke yake.

Ndugu zangu, Gihembe mmeisahau? Kambi ile ya Gicumbi ilifunguliwa mwaka 1997 kwa ajili yetu Wakongomani. Ilikaa juu ya mlima, nyumba zimebanana, na maji ya mvua yakateremka bila kizuizi. Yakachimba makorongo, makorongo yakakaribia nyumba. Mwaka 2021 watu wakaanza kuhamishiwa Mahama, kule Kirehe. Hesabuni wenyewe: zaidi ya miaka 20! Mtoto kazaliwa pale, kasoma, kaoa, halafu anafunga mizigo tena. Safari hii hakufukuzwa na bunduki. Kafukuzwa na mmomonyoko. Huyo naye tumwite mpita njia?

Na ninyi mnaokuja kutuhubiria kwamba mkimbizi ni adui wa msitu, sikilizeni pia. Mwaka 1994 wakimbizi waliovuka kwenda Goma walikata miti ya Virunga, ni kweli. Walikata kwa sababu walikuwa maelfu kwa maelfu na hawakuwa na kitu kingine cha kupikia. Maharage hayaivi kwa semina. Anayetaka mama aache makala, amsaidie kupata gesi kwa bei anayoiweza, kisha ndiyo amhubirie.

Lakini shida ya makala isiwe kisingizio cha kukaa ndani. Tunapenda kusifu Kigali kwamba ni safi. Usafi huo haukushuka kutoka mbinguni. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2008, na watu wanashika majembe kila mwezi. Bonde la Nyandungu, hapa hapa karibu yetu, lilikuwa limeharibika. Likafanyiwa kazi, likarudishiwa mimea, na mwaka 2022 likafunguliwa kuwa bustani. Ni mikono ya watu iliyofanya hivyo.

Tena baada ya umuganda kuna mkutano. Pale ndipo watu wanaongea juu ya mitaro, takataka na usalama wa mtaa. Wewe uliyejifungia ndani, nani atakusemea siku maji yakiingia kwako?

Basi mwezi ujao tutoke. Tukipanda mti, tusiishie kupiga picha. Tuumwagilie Juni mpaka Agosti, maana kiangazi hakina huruma. Tukibaki hapa, udongo unaotushikilia ni huu. Tukirudi Masisi, vilima vya kule navyo vimekatwa miti, vinangoja watu wanaojua kazi.