Sklené: Kijiji cha Kioo na Deni la Kumbukumbu

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hii inakifaa kijiji cha Sklené, kilichoko kwenye milima ya Kremnica, katikati mwa Slovakia. Mgeni ashukaye garimoshi kijijini humo hulakiwa na misitu, malisho ya milimani na hewa safi. Reli iliyomfikisha, iliyofunguliwa mwaka wa 1931, hupenya mlima kupitia handaki la Bralský lenye urefu wa zaidi ya kilomita 3. Si mbali na hapo kuna mji wa Kremnica, ambao kiwanda chake cha kufua sarafu kilianzishwa mwaka wa 1328 na kingali kinafanya kazi. Vivutio hivi vyatosha kumridhisha mtalii. Hata hivyo, makala haya yanashikilia kuwa kijiji kinachojivunia urithi wake hakina budi kuusimulia wote, mtamu na mchungu.

Kianzio kifaacho ni jina lenyewe. Katika Kislovakia, sklo ni kioo, na Sklené ni kivumishi kitokanacho na nomino hiyo. Wajerumani walioishi huko kwa karne nyingi walikiita kijiji hicho Glaserhau. Glaser ni fundi wa kioo. Hau ni sehemu ya msitu iliyokatwa miti ili watu wapate makao. Hau hiyo hiyo imo katika majina mengine ya Kijerumani ya eneo hilo, kama vile Krickerhau, yaani Handlová ya leo, na Kuneschhau, yaani Kunešov. Ndiyo pia iliyozaa jina Hauerland, ambalo eneo zima lilipewa katika karne ya 20. Kwa mwanaisimu, majina haya ni hazina: yanaeleza ni nani waliofika, walifanya kazi gani, na waliikuta ardhi ikiwa katika hali gani.

Sklené imetajwa katika maandishi tangu mwaka wa 1360, enzi za Ufalme wa Hungaria. Iweje basi kioo kitengenezwe msituni? Jibu limo katika ufundi wenyewe. Fundi wa wakati huo alihitaji mchanga, potasi na moto mkali. Potasi, ambayo huufanya mchanga uyeyuke kwa joto la chini zaidi, ilipatikana kwa kuchoma miti na kuchuja majivu yake; nao moto ulitaka kuni zisizo na kikomo. Chembechembe za chuma zilizokuwamo mchangani zilikipa kioo hicho rangi ya kijani. Fundi, kwa hivyo, aliifuata miti. Aghalabu miti ilipokwisha tanuri lilihamishwa, lakini ardhi iliyofyekwa ilibaki, na watu wakaigeuza kuwa mashamba na malisho. Tanuri lilizimika, jina likadumu.

Hapa ndipo uchungu unapoanza. Tarehe 29 Agosti 1944, Waslovakia waliasi dhidi ya utawala ulioshirikiana na Ujerumani ya Hitler. Uasi huo ulikuwa wa haki, na taifa la Slovakia linauenzi hadi leo. Hata hivyo, tarehe 21 Septemba mwaka huo, wapiganaji wa msituni waliwakusanya wanaume wa Sklené, vijana wakiwamo, wakawaua kwa risasi. Waliokufa walikuwa 187. Kosa lao kubwa lilikuwa Ujerumani wao. Baada ya vita, jamii ya Wajerumani wa Slovakia, iliyokuwa na takriban watu 150,000, ilisambaratika: wengi walikuwa wamekwisha kuhamishwa vita vikikaribia, na wengi wa waliosalia wakafukuzwa. Wajukuu wa mafundi wa kioo wakawa wageni ugenini.

Yamkini atatokea mtu wa kusema kwamba kuyakumbuka hayo ni kuusahau unyama wa Wanazi. Hoja hiyo haina mashiko. Tarehe 21 Januari 1945, katika milima iliyo jirani, vikosi vya Wajerumani viliteketeza vijiji vya Ostrý Grúň na Kľak na kuwaua watu 148, wanawake na watoto wakiwamo. Msiba huo ni mzito, na hakuna kaburi la Sklené linaloweza kuupunguza. Vivyo hivyo, makaburi ya Kľak hayawezi kuwafuta wanakijiji 187. Maiti hazitiwi mizanini. Bunge la Slovakia lenyewe lilitambua jambo hili mnamo Februari 1991, lilipotoa tamko la kulaani ufukuzaji wa Wajerumani kwa kigezo cha hatia ya pamoja.

Basi mgeni wa Sklené na astaajabie milima na apumzike. Lakini anapoelezwa kwamba jina la kijiji lina maana ya kioo, aelezwe pia ni nani walioyeyusha kioo hicho, na vizazi vyao viliishia wapi. Kumsimulia habari za tanuri bila watu wake ni kumpa ganda na kumnyima kiini. Nao wapenzi wa lugha, popote walipo, wana wajibu wa kuuliza swali hilo hilo kuhusu kila jina la mahali: aliyelitoa yuko wapi?