Haba na haba Durban, lakini kibaba cha nani?

Durban si mji mgeni kwetu. Katika mtaa wa Chatsworth, jirani na Queensburgh, wanaishi jamaa wanaojulikana mpaka leo kuwa ni Wazanzibari, wazao wa watu waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa na kuletwa Natal kutokea Unguja kuanzia 1873. Vijana wa mitaa hiyo leo wana suala ambalo vijana wetu wa Maskati na Dubai wanalo pia: je, ukisoma kidogo kidogo huku unafanya kazi, vyeti vidogo vitakufikisha kwenye shahada?

Kwa maandishi, Afrika Kusini imejitayarisha zamani. Tangu sheria ya 1995 nchi ina Mfumo wa Taifa wa Sifa, chini ya mamlaka iitwayo SAQA, na leo una daraja kumi. Masomo hupimwa kwa krediti, na krediti moja ni saa kumi za kusoma. Cheti cha juu cha mwaka mmoja kina krediti zisizopungua 120, na shahada ya kwanza 360. Mtu akipiga hesabu ataona vyeti vitatu ni sawa na shahada.

Lakini kanuni hazihesabu hivyo. Mfumo huo umegawanywa sehemu tatu, kila moja na msimamizi wake: skuli kwa Umalusi, vyuo vikuu kwa CHE, na sifa za ufundi na kazi kwa QCTO. Upande wa QCTO, sehemu ya sifa inaweza kusajiliwa peke yake, na mfanyakazi akaikamilisha sifa nzima polepole. Upande wa vyuo vikuu mlango ni mwembamba. Aliyekwisha kupata cheti anaweza kuhamisha nusu tu ya krediti zake kwenda kwenye sifa nyengine. Katika 120 zinabaki 60, na saa 600 za masomo zinapotea. Cha ajabu, aliyeacha masomo kabla ya kupewa cheti anaweza kukubaliwa krediti zote alizopata, chuo kikiridhia. Basi cheti ambacho kingekuwa kipandio kinageuka kuwa gharama.

Fedha nazo zinavuta upande wao. Mfuko wa NSFAS unawalipia wanafunzi wa vyuo vya umma ambao kipato cha familia hakizidi randi 350,000 kwa mwaka, na unalipia programu kamili, si kozi za wiki sita. Kozi fupi za kazini hutegemea zaidi mwajiri, ambaye hutozwa asilimia moja ya mishahara kwa ajili ya mafunzo, na sehemu ya fedha hizo hurudi kupitia mamlaka za kisekta, SETA. Kwa hivyo mwenye kazi anapata cheti kidogo, na asiye na kazi anashauriwa aombe shahada nzima hata kama haimfai. Anayechagua hapo ni sera zaidi kuliko kijana.

Wasemao kuwa vyuo vikuu vinalinda thamani ya shahada wana hoja. Shahada iliyoungwaungwa kwa vipande visivyohusiana haimsaidii mwajiri wala mwenye nayo. Lakini kinga ya hilo ni kuangalia kilichosomwa, somo kwa somo. Kukata nusu kwa kila mtu hakupimi elimu.

Kwetu Ghuba, Oman ina mfumo wake wa taifa wa sifa, na shahada ya nje inahitaji muadala kabla ya kutambuliwa. Kwa hiyo mzazi asiulize bei ya kozi peke yake. Aulize cheti kimesajiliwa wapi, kiko daraja la ngapi na kina krediti ngapi, na ni chuo gani kitakachozipokea, kwa maandishi. Haba na haba hujaza kibaba, lakini lazima ujue kibaba ni cha nani kabla ya kuanza kutia.