Nani Aliponywa, Nani Angepona Tu?

Tangu mwaka 2000, zaidi ya wanajeshi 400,000 wa Marekani wamegundulika kuwa na jeraha la ubongo. Wengi hawakuumia vitani. Waliumia mazoezini, michezoni au kwenye ajali za barabarani, na zaidi ya wanane katika kila kumi walipata mtikisiko wa ubongo tu. Hata hivyo, ni mabomu ya kutegwa ya Iraq na Afghanistan yaliyoifumbua serikali macho na kuifungua mkoba. Leo idara inayohudumia maveterani ina vituo vikuu vitano vya tiba utengamao kwa majeruhi wa aina hii, na huko Bethesda kipo kituo cha kijeshi kilichojengwa kwa michango ya raia na kufunguliwa mwaka 2010.

Je, fedha hizo zinaponya?

Jibu halipatikani kirahisi, kwa sababu ubongo uliotikisika mara nyingi hupata nafuu wenyewe. Mpime askari siku anayoingia, mpime tena siku anayotoka, utakuta ameendelea vizuri. Naye atashukuru kwa dhati, na kituo kitaitaja shukrani hiyo kila kinapoomba fedha. Anayekosekana kwenye hesabu ni askari wa pili, aliyeumia vilevile lakini hakupata tiba hiyo.

Hospitali ya kijeshi ya Walter Reed ilimtafuta huyo askari wa pili. Iliwagawa kwa bahati nasibu wanajeshi 120 wenye majeraha ya wastani na makubwa: 67 wakalazwa kwa programu ya wiki nane, 53 wakarudi nyumbani na mazoezi ya kufanya wenyewe, huku muuguzi wa afya ya akili akiwapigia simu kila wiki. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 90 ya waliolazwa walikuwa kazini. Wa nyumbani, asilimia 94.

Mbana bajeti angeishia hapo na kufunga wodi, na angefanya haraka mno. Kati ya waliopoteza fahamu kwa zaidi ya saa moja, asilimia 80 ya waliolazwa walionekana wanafaa tena kulitumikia jeshi, dhidi ya 58 ya wa nyumbani. Kundi hilo ni dogo, hivyo takwimu hizo ni dokezo tu, lakini ni dokezo la maana: kitanda kimfuate aliyeumia sana.

Kisa cha oksijeni kina mvuto zaidi. Mgonjwa huingia kwenye chumba chenye mgandamizo na kuvuta oksijeni tupu, na wapo maveterani wanaoapa kwamba imewarudishia maisha. Katika jaribio la jeshi lililochapishwa mwaka 2015, wanajeshi 72 waligawanywa makundi matatu. Kundi moja lilipata oksijeni kwa vipindi 40. La pili liliingia chumba kilekile likavuta hewa ya kawaida, kwa mgandamizo mdogo wa kuwafanya waamini kwamba wanatibiwa. La tatu liliendelea na matibabu yake ya kila siku. Makundi yote mawili ya chumbani yalipata nafuu kuliko hilo la tatu, na yenyewe kwa yenyewe hayakutofautiana. Watetezi wa oksijeni husema hata mgandamizo mdogo ni dawa. Maelezo mepesi zaidi ni kwamba mtu anayepokewa na kuangaliwa mara 40 hujisikia vizuri.

Utafiti mwingine wa jeshi, uliofanyika San Antonio, unaelekea hukohuko. Wanajeshi 126 wenye mtikisiko waligawanywa makundi kwa wiki sita za tiba. Mazoezi ya kompyuta hayakuzidi elimu ya kawaida kuhusu jeraha. Waliofundishwa na mtaalamu ana kwa ana ndio waliosema maisha yao ya kila siku yamenyooka zaidi. Tiba ya namna hii haina cha kuonyesha wageni: ni daftari moja la kuandikia kila kitu, kengele ya simu ya kukumbusha dawa, safari ya dukani iliyopangwa hatua kwa hatua. Lakini kwenye mtihani wa umakini makundi yote yalipanda sawasawa, kwa hiyo anayepima kwa mtihani huo pekee asingeona tofauti yoyote.

Ndiyo maana ingefaa fedha zielekezwe kwanza kwenye saa za wataalamu, kisha kwenye mashine na majengo. Kuhusu kupima matokeo, vile vituo vitano tayari huwafuatilia maveterani waliotibiwa humo baada ya mwaka mmoja, miwili, mitano, na kila miaka mitano inayofuata, vikiuliza kuhusu kazi na maisha ya nyumbani. Ni kazi nzuri, ila wanaoulizwa wote walipita mlango uleule.