Sinema ni Yako, Mashine ni ya Nani?

Yapo mambo ambayo huingia katika nyumba za watu polepole, hata yakaonekana kana kwamba yalikuwako tangu zamani. Mojawapo ni hili la kutazama sinema kwa mashine ya mchezo. Kijana hununuliwa PlayStation ili acheze kandanda ya kompyuta na wenzake, na kabla ya mwaka kwisha mashine ile imekuwa mali ya nyumba nzima. Mama ataka kuona harusi ya dada yake, baba ataka ndondi za zamani, na watoto wadogo wataka katuni zao. Katika miji yetu, ambako PlayStation 3 za mtumba zingali zapatikana na vibanda vya kuchezea havihesabiki, si ajabu kumkuta mzee asiyejua mchezo hata mmoja, lakini ajua barabara mahali pa kuchomeka flashi.

Matata huanza pale faili linapokataa. Kwenye kompyuta lacheza vizuri; likifikishwa sebuleni, mashine yasema haiitambui data ile, au yanyamaza kimya kama haikuona kitu. Hapo kila mtu huwa fundi. Huyu asema flashi ina virusi, yule asema mashine imechoka. Aghalabu wote wawili hawakupata. Hebu tulitazame jambo lenyewe, kwa maana ndani yake kuna ugomvi mkubwa kuliko huo wa flashi.

Picha moja ya ubora wa juu, ile iitwayo HD kamili, ina vidoto 1920 kwa upana na 1080 kwa urefu, yaani zaidi ya milioni mbili. Kila kidoto chataka baiti tatu za rangi, na kila sekunde zapita picha 25. Ukizidisha utapata kama megabaiti 155 kwa sekunde moja tu. Flashi ya gigabaiti 64 ingejaa kabla ya dakika saba kutimia, na bwana harusi hajashuka garini. Kwa hiyo picha hubanwa. Ile kanuni ya kubana na kukunjua ndiyo iitwayo kodeki, na mfano wake ni lugha ambayo barua imeandikwa. Kisha picha na sauti hutiwa pamoja katika kasha, nalo ni mfano wa bahasha. MP4 ni bahasha, MKV ni bahasha nyingine. H.264, iliyopitishwa mwaka 2003, ni lugha, H.265, iliyokuja miaka kumi baadaye, ni lugha nyingine yenye kubana zaidi.

Sasa mashine ya mchezo ni kama karani mwenye kiburi. Haitoshi barua iwe katika lugha aijuayo. Akiona bahasha asiyoizoea haifungui. Xbox 360 ilitoka mwaka 2005 na PlayStation 3 ikafuata 2006. Zote mbili zaijua H.264, lakini hazikuwahi kufundishwa MKV, ingawa ndiyo bahasha iliyopendwa sana na watu wa kompyuta. Xbox 360 yataka pia sauti ya AAC iwe ya mikondo miwili tu. Na H.265, ambayo simu nyingi za leo hurekodi kwayo, mashine hizo hazina habari nayo, kwa maana zilikwisha kutengenezwa kabla haijazaliwa. Mtu hawezi kumlaumu karani kwa kutojua lugha ya wajukuu.

Kuna na kikwazo kingine ambacho nakiona cha kuudhi kuliko vyote, kwa kuwa hakihusu picha kabisa. PlayStation 3 husoma flashi iliyopangwa kwa mtindo wa FAT32, mtindo wa mwaka 1996, ambao hauwezi kubeba faili moja la kufikia gigabaiti 4. Sinema ya saa mbili, ikibanwa kwa kiasi cha heshima cha megabiti 8 kwa sekunde, hufika gigabaiti 7 na zaidi. Basi hata lugha ikiwa sawa na bahasha ikiwa sawa, mlango ni mdogo.

Msomaji aweza kuuliza, yote haya yatuhusu nini? Mwaka 2022 binti ya ndugu yangu aliolewa Nakuru. Mpiga picha alileta faili moja la gigabaiti 9, saa mbili na nusu za arusi nzima, limeandikwa kwa H.265. PlayStation 3 ya sebuleni haikuiona hata flashi yenyewe. Kijana wa nyumbani akatumwa kwenye duka moja la kuuzia sinema, na jioni akarudi na faili linalocheza. Furaha iliyoje! Lakini faili lile lilikuwa la megabaiti 700. Nyuso zilikuwa kama zimepakwa unga, na kila watu walipocheza ngoma picha ilivunjika vipande vya mraba kama sakafu. Na ili kupata nafasi katika flashi, mwenye duka alikuwa amefuta faili la asili. Mpiga picha naye, alipoulizwa baada ya miezi, alikuwa amekwisha kusafisha diski zake kwa ajili ya harusi za watu wengine. Nyanya yetu, aliyembariki bibi arusi siku ile, alifariki mwaka uliofuata. Picha zake za mwisho akitembea na kusema ndizo hizo za unga.

Kazi ile ingeweza kufanywa vizuri, wala haikutaka mashine ya gharama. HandBrake na FFmpeg ni programu za bure ambazo mtu yeyote mwenye kompyuta aweza kuziweka. Jambo la kwanza ni kupambanua haja yenyewe. Ikiwa lugha ni sawa na bahasha ndiyo mbaya, kama vile H.264 iliyomo ndani ya MKV, hapana haja ya kuigusa picha. FFmpeg yaweza kuihamisha kutoka bahasha hii hadi ile kwa dakika chache, na hakuna kidoto kimoja kinachopotea. Pengine sauti pekee ndiyo itakayohitaji kubadilishwa. Wengi wa mafundi wetu wa mitaani hawafanyi hivi. Kila faili hulipitisha katika kinu, lihitaji lisihitaji, na kila linapopita hupungua, maana picha iliyokwisha kubanwa ikibanwa tena hairudishi kilichotupwa mara ya kwanza.

Ikiwa lugha yenyewe haifahamiki, kama ilivyokuwa kwa harusi ile, basi kinu hakikwepeki. Lakini kinu kina kipimo. HandBrake humwachia mtu achague namba ya ubora, na kadiri namba ilivyo ndogo ndivyo picha inavyokuwa nzuri na faili kubwa. Kwa HD kamili kati ya 20 na 24 hutosha. Kisha faili likizidi mlango wa FAT32, hukatwa. Harusi ya Nakuru ingetoka vipande vitatu vya kutazamwa kimoja baada ya kingine. Mwenye kutaka sinema ya saa mbili iingie nzima na ashike megabiti 4 na nusu za picha kwa sekunde, sauti isizidi kiasi kidogo juu yake. Si ubora wa juu kabisa, bali nyuso zitabaki nyuso. Na faili la asili halifutwi. Hilo ningependa liandikwe ukutani katika kila duka la kazi hii.

Nimesema kuna ugomvi mkubwa zaidi, nao ni wa umiliki. Kampuni zenye mashine hizi hazikuwa na haraka ya kuzifundisha kucheza mafaili ya watu, kwa sababu zilikuwa na sinema za kuuza. PlayStation 4 ilipotoka mwaka 2013 haikuweza kucheza sinema ya flashi hata kidogo; ilingoja hadi 2015 kupewa programu ya kazi hiyo, na safari hii MKV ikakubaliwa. PlayStation 5 ilipokuja mwaka 2020, programu ile haikuwamo. Maendeleo gani haya ya kwenda mbele na kurudi nyuma?

Na hizo sinema za kuuza, zilifika wapi? Sony iliacha kuuza na kukodisha sinema katika duka lake la PlayStation tarehe 31 Agosti 2021. Mwaka mmoja baadaye, watu wa Ujerumani na Austria waliokwisha kulipia sinema za Studiocanal ziliondolewa katika maktaba zao. Desemba 2023 kampuni ilitangaza kwamba vipindi vya Discovery vilivyonunuliwa vitafutwa, kisha kelele zilipozidi mkataba ukapatikana na amri ikarudishwa. Duka la Xbox 360 lilifungwa Julai 2024, na Julai 2025 Microsoft ikaacha kabisa kuuza sinema. Mnunuzi alidhani amenunua, kumbe alikuwa mpangaji.

Najua litakalojibiwa. Wenye sinema watasema kugeuza mafaili ni mlango wa wezi, na hawasemi uongo mtupu. Maduka yetu yanayojaza flashi kwa sinema za jana za Marekani ni mashahidi. Ndiyo sababu PlayStation 3 iliwekewa Cinavia, alama iliyofichwa ndani ya sauti, ambayo ikitambuliwa mashine huizima sauti katikati ya sinema. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 2001 nayo hairuhusu kuvunja kufuli zilizotiwa na mwenye kazi. Sina ugomvi na hayo. Aliyetunga apate haki yake, na msanii wa Kenya anayeibiwa filamu yake kwa shilingi chache yu katika hali mbaya kuliko Hollywood.

Lakini harusi haina Cinavia. Mazishi, mahafali ya mtoto, wazee wakisimulia habari za ukoo, ngoma iliyochezwa mara moja tu kijijini, vyote hivyo ni mali ya waliorekodi, wala hakuna kampuni iliyovitungia kufuli. Kinachovizuia ni karani mwenye kiburi tu, pamoja na fundi mwenye haraka. Ningekuwa na harusi mwaka huu, ningemwandikia mpiga picha masharti mawili kabla ya kumpa malipo ya kwanza: anipe faili la asili katika diski yake yenyewe, na nakala ya pili ya H.264 ndani ya MP4, imekatwa chini ya gigabaiti 4 kila kipande. Hiyo ya pili watu waibebe wapendavyo, kwenye PlayStation ya jirani au Xbox ya shemeji. Ile ya kwanza ikae kabatini pamoja na hati ya shamba.